Kitufe Mlangoni pa Ngome

Wapendwa, kabla sijatoa mfano wa leo niseme kosa langu, maana nililifanyia hapa hapa niliposimama. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilihubiri kwamba mtu mzima anayecheza gemu kwenye simu amempangisha shetani chumba kichwani mwake. Sikutaja jina la mtu. Lakini macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye benchi la shemeji yangu Ambakisye, yule anayechomelea mageti pale njia panda, na ninyi mkageuka kumtazama. Wengine mlicheka. Jumapili iliyofuata hakuja ibadani. Na iliyofuata hakuja.

Nikaenda kwake kumwomba radhi. Hakunisema kwa neno lolote. Alifuta kiti vumbi, akanipa simu yake, akaniambia, "Kaa, shemeji. Kione kwanza hicho unachokilaani." Nikakaa. Nilikufa kabla sijajua kutembea. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mwinjilisti, hapo hata adui hujakutana naye. Umejitupa shimoni mwenyewe." Tukapatana. Na niliyoyaona kwenye simu ile ndiyo yaliyonipa mfano huu. Ukiwafaa, mshukuruni yeye. Usipowafaa, basi mnanijua, mimi nimeishia darasa la saba.

Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, aliyepata ajali akavunjika mguu. Akafungwa plasta mpaka pajani, akaambiwa akae nyumbani mpaka mfupa uunge. Mke wake alikuwa na genge la mboga sokoni, anatoka asubuhi, anarudi jioni. Watoto wako shule. Sasa fikirini mtu aliyezoea kutaniana na watu wa mizani, na utingo wake, na mama ntilie wa kila kituo, leo hii mchana kutwa anaangaliana na ukuta. Wenzake wa barabarani walikuja mwanzoni, wakaleta machungwa. Halafu wakapungua. Halafu wakaisha. Ndivyo tulivyo.

Akaanza kucheza gemu la mtandaoni kwenye simu. Gemu hilo lina sehemu za kucheza peke yako, na hizo alizimaliza. Lakini mwisho wake kuna ngome, na ngome hiyo haiingiwi na mtu mmoja. Lazima muwe sita, kila mtu kwenye simu yake, mmoja yuko Dodoma, mwingine yuko Mombasa, haidhuru. Mmoja anabeba ngao, mmoja anawatibu wanaojeruhiwa, wengine wanapigana. Mkiwa watano, mlango haufunguki. Na wenye gemu walikuwa wameweka utaratibu kwamba kila mtu ajitafutie wenzake. Mbele ya mlango kuna uwanja, na watu husimama pale wakiitana kwa kuandikiana, kikosi kikitimia kinaingia.

Dereva akasimama uwanjani. Alikuwa amejifunza kutibu. Akaandika maneno yakaonekana juu ya kichwa chake: Natafuta wenzangu, najua kutibu. Vikosi vikawa vinapita.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye kikosi chake kilisifika uwanja mzima. Walikuwa sita waliosoma pamoja, wanajuana mpaka kikohozi. Dereva akamfuata.

"Mwalimu, habari za leo. Mna nafasi?"

"Tumetimia, kaka."

"Mkipungukiwa niiteni. Mimi nipo tu, mguu wenyewe umefungwa."

"Usijali. Tutakuita."

Niwaulize ninyi mliokaa hapo: neno hilo "tutakuita", umewahi kulisema ukijua kabisa kwamba humwiti? Mimi nimelisema. Na mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa analiandika alilimaanisha. Alipogeuka akasahau. Ikatokea siku mwenzao mmoja akauguliwa na mama yake, wakabaki watano. Walimpita dereva pale pale uwanjani wakamwona, wakasema afadhali wamsubiri mwenzao kuliko kumwingiza mtu wasiyemjua.

Nyumbani mke wa dereva akaanza kuona mambo. Anarudi sokoni anakuta chakula alichomwachia mumewe kimefunikwa vile vile. Siku moja akaketi kitandani, akamuuliza, "Leo umeongea na nani?"

"Na mtu mmoja."

"Kasema nini?"

"Kasema wataniita."

"Hivi ni gemu linalokunyima kula, baba watoto?"

"Si gemu, mama watoto. Nilikuwa nadhani ni lori ndilo lililoniweka karibu na watu. Kumbe labda hata nilipokuwa na lori hawakuwa wakiniona mimi. Nikikataliwa na huko pia, basi, nimejua."

Mnaona alipofika? Ngome ni ya kuchezea, lakini mtu yule alikuwa karibu kuamini kwamba hakuna mahali duniani anapohitajika. Hilo halikuwa la kuchezea.

Siku hizo wenye gemu wakawauliza wachezaji wote: je, tuweke kitufe? Mtu akikibonyeza, gemu lenyewe limtafutie wengine watano wanaosubiri, liwaingize ngomeni pamoja, bila mtu kumchagua mwenzake. Uwanja ukachafuka kwa maneno. Mwalimu akaandika, na wengi wakamuunga mkono:

"Hapana. Ngome ngumu inataka watu wanaojuana. Mkiokota okota watu, wa kwanza akianguka wote watakimbia. Kutakuwa na matusi. Mtu asiyeweza kutafuta wenzake ajifunze kuongea na watu, kwa sababu kuongea ndiko kunakojenga kikosi. Hakuna kitufe kinachoweza kufanya kazi hiyo."

Dereva akajibu chini yake, "Mwalimu, mimi niliongea. Niliongea na wewe."

"Kaka, siko peke yangu hapa uwanjani. Ungeongea na wengine."

"Niliongea nao. Na wao waliniambia hawako peke yao."

Mwalimu akaingia ngomeni na wenzake.

Kitufe kikawekwa. Dereva akabonyeza, na mlango aliokuwa akiutazama siku zote zile ukafunguka. Akajikuta ndani na watu watano asiowajua. Mmoja alikimbilia mbele kama anafukuzwa na nyuki, akafa. Mwingine alikuwa kimya tu. Wa tatu akamwandikia dereva, "Wewe daktari gani, unasubiri maiti ndiyo utibu?" Wakaanguka wote. Watatu wakatoka bila kuaga. Kitufe kikaleta wengine, wakaanguka, nao wakatoka.

Dereva akarudi uwanjani. Mwalimu alikuwepo, na mwalimu, wapendwa, alikuwa binadamu.

"Umeona sasa? Si nilisema?"

"Ulisema, mwalimu. Yote uliyoyasema nimeyakuta humo ndani."

"Sasa mbona unarudi tena?"

Dereva akamwandikia, "Kwa sababu humo ndani mtu akinitukana, ananitukana mimi. Hapa nje hakuna anayejua kama nipo."

Akabonyeza tena. Akaingia na watano wengine, wakaanguka kama kawaida. Lakini safari hii, kabla watu hawajaanza kutoka, dereva akaandika haraka: "Jamani, subirini. Mimi mguu wangu umevunjika, sina pa kukimbilia. Nabaki. Nani mwingine anabaki?"

Mmoja akaandika, "Mimi nabaki. Ni mimi niliyewaangusha, sikujua lile daraja linazama."

Akafuata mwanamke mmoja wa Mombasa. "Nami nipo. Lakini huyo bwana wa mbele apunguze mbio. Kwani huko ngomeni kuna pilau?"

Bwana wa mbele akaandika, "Samahani, dada. Vidole vyangu vizito. Nabaki."

Wawili waliosalia nao wakakubali. Wakabaki wote sita. Wakaulizana nani anajua nini. Wakaanguka tena, wakaulizana tena. Mke wa dereva aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe anaongea peke yake na simu, anasema, "Usivuke, dada, usivuke bado," na sahani iko tupu kando yake. Ngome hawakuimaliza siku ile. Walikubaliana wakutane kesho yake, na kesho kutwa, na hatimaye waliimaliza. Lakini nadhani mnaelewa kwamba kwa dereva jambo lilikwisha siku ya sahani tupu.

Na mwalimu je? Kikosi cha watu wanaojuana kina tabia moja: hupungua, hakiongezeki. Mmoja wao aliolewa akakosa muda. Mwingine akahamishwa kikazi. Wa tatu aliibiwa simu. Siku ikafika mwalimu akasimama uwanjani na maneno juu ya kichwa chake: Natafuta wenzangu. Vikosi vikawa vinampita. Akamwona dereva, akamwandikia.

"Kaka, sasa nafasi ipo."

"Asante, mwalimu. Lakini mimi nina wenzangu, wananisubiri na tumetimia. Wewe bonyeza kitufe."

"Kitaniletea watu nisiowajua."

"Ndiyo," dereva akasema. "Na wao kitawaletea wewe."

Mfano umeishia hapo.

Nilipowasimulia vijana wa uimbaji waliniuliza, mwinjilisti, kwa hiyo unasema kitufe ni kizuri? Wengine walimtetea mwalimu, na walikuwa na hoja. Watu walikimbia kweli. Matusi yalikuwepo kweli. Kitufe hakikujenga kikosi. Kikosi kilijengwa na watu walioanguka wakakubali kubaki. Nimetafuta kosa katika maneno ya mwalimu nimelikosa. Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu anaweza kusema kweli tupu kuhusu ushirika, na kweli yake ikawa komeo la kumfungia mwenzake nje. Alisema kazi hiyo haiwezi kufanywa na kitufe. Vema. Ilikuwa ya nani, basi? Kama yeye na wenzake wangeifanya, nani angekumbuka kudai kitufe?

Sasa tuje kwetu, maana sikuja hapa kuwafundisha gemu. Mgeni akija katika kanisa hili tunamsimamisha, tunamwimbia, tunampigia makofi, anakaa. Halafu tunamwambia jumuiya zetu ziko wazi, achague atakapojisikia amani. Jumuiya zenyewe zinasali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na ratiba iko vichwani mwa wenyeji. Mgeni ataijuaje? Anasimama uwanjani na sisi tunapita, tumetimia.

Mnajua wazee wa kanisa wameleta pendekezo kwamba kila mgeni apangiwe jumuiya siku hiyo hiyo, pasipo kungoja achague au achaguliwe. Baadhi yetu tumelipinga. Tumesema ushirika haupangwi, unatoka moyoni. Mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na wengine mlinifuata kwa sababu nilitaja moyo. Leo nasema nilikosea. Bwana wetu alipowakusanya wale wa kwanza hakuwauliza kama wanapendana. Alimweka mtoza ushuru meza moja na watu waliokuwa wakimchukia mtoza ushuru, kisha akawaambia wapendane. Aliwaweka kwanza. Kupendana walijifunza wakiwa tayari wamekaa.

Kwa hiyo mimi nitalikubali pendekezo la wazee. Lakini tusijidanganye. Tukimpangia mgeni jumuiya, tutakuwa tumemfungulia mlango tu. Atakuja na tabia zake, atuudhi. Sisi tuna za kwetu, tutamuudhi. Siku ya kwanza ya kuudhiana ndiyo itakayoonyesha kama sisi ni wa kutoka au wa kubaki, na hapo hakuna mzee wa kanisa anayeweza kutusaidia.

Nimemaliza. Nina ombi moja, na ni la leo, halingoji kikao. Tukitoka nje kupeana mikono, usimwendee kwanza yule unayemfahamu. Mtafute mtu usiyelijua jina lake. Mwulize jina, mwulize anakaa wapi, mwambie jumuiya yenu inasali kwa nani Jumatano hii. Halafu Jumatano ikifika, kabla hujaenda kusali, tafadhali, mpitie nyumbani kwake muende wote.