Mwalimu Nguchiro na Mkokoteni wa Mkaguzi

Hapo zamani za kale, kale hasa, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba kwa bati na kwenda shule, Nguchiro alikuwa mwalimu. Acheni kucheka! Ndiyo, huyo huyo Nguchiro asiyefika hata gotini kwa Nyati.

Wanafunzi wake walikuwa watatu: Nyati, Kiboko na Kifaru. Majitu matupu, na wote wamerudia darasa mara tatu. Somo lilikuwa kani, yaani nguvu ya kusukuma na kuvuta, na mwendo.

"Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kani nyingine ikizuie," alisema Nguchiro. "Mmeelewa?"

"Ndiyoooo, mwalimuuu!"

"Kifaru, umeelewa nini?"

"Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kani nyingine ikizuie."

"Maana yake?"

Kifaru akajikuna shingo. Kiboko akajamba, puuu! Darasa likaangua kicheko.

Maskini Nguchiro! Alivingirisha mawe, alirusha mipira, alichora ubaoni mpaka chaki zikaisha. Akirudi nyumbani anakaa tu.

"Baba Tindo, kula basi," mkewe anambembeleza.

"Hakishuki, mama. Wanaitikia, lakini hakuna kinachoingia."

Sasa sikilizeni, na wewe acha kumfinya mwenzako. Siku moja akaja Mkaguzi Chui. Sheria yake ilijulikana kote: darasa likishindwa, mwalimu analiwa.

"Kitu kinachokwenda hufanyaje?" akanguruma.

Wakaimba yote, neno kwa neno.

"Vizuri. Kiboko, mkokoteni unakwenda, anayeusukuma akauachia. Kwa nini mwishowe utasimama?"

"Kwa sababu umechoka, mheshimiwa."

"Kifaru?"

"Unamsubiri aliyeuachia."

Chui akalamba midomo. "Mwalimu, hebu sogea hapa."

Nguchiro akasogea. Lakini kichwa chake kilikuwa chepesi bado.

"Mheshimiwa, kabla hujanila, niruhusu nifundishe mara moja tu kwa vitendo. Panda mkokoteni ule pale. Simama wima, mgongo uelekee bondeni, ili wanafunzi wakuone vizuri. Wala usishike kitu. Mkubwa kama wewe ashike kitu kwa nini?"

Chui alipenda sana kutazamwa. Akapanda, kifua mbele. Hakuliona gogo lililolala chini ya mteremko, wala korongo la miiba nyuma ya gogo.

"Nyati, sukuma!"

Kururu, kururu, kurururuuu!

"Tazameni, jamani! Nawaomba mtazame!" Nguchiro akapiga kelele.

Kwaaa! Mkokoteni ukagonga gogo, ukasimama papo hapo. Chui hakusimama. Vuuuu! Akapaa juu ya gogo, akatumbukia korongoni.

"Mamaaa! Nakufaaa!"

Akatokea upande wa pili akichechemea, miiba mwili mzima, akatokomea moja kwa moja.

Nguchiro alirukaruka kwa furaha, na si kwa kupona tu.

"Mmeona wenyewe! Haya, pale kwenye gogo, nani alimsukuma Chui?"

Wakatazamana. Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe, mwalimu."

"Mimi? Mimi nilikuwa huku juu!"

"Ndiyo maana tunaogopa," akasema Kiboko. "Umemrusha bila kumgusa."

"Hakuna aliyemrusha! Alikuwa tayari anakwenda! Gogo limeuzuia mkokoteni, yeye halikumzuia! Kifaru, mwanangu, si umeona?"

"Nimeona, mwalimu. Mkokoteni umesimama, mtu karuka mwenyewe. Huo ni uchawi."

"Mchawi!" wakapaza sauti wote. "Mchawi! Toka!"

Nguchiro akapiga magoti, akaokota jiwe, akaanza tena kueleza. Nani amsikilize? Ubao wakauvunja, mlango wa shule wakaufunga kwa miiba. Jioni hiyo hiyo Nguchiro akafunga mizigo, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

"Usilie, baba Tindo," mkewe akamwambia njiani. "Si umemshinda Chui?"

"Chui nimemshinda kwa asubuhi moja," akajibu, machozi yanamchuruzika. "Wale watatu nimehangaika nao miaka minne, nao wamenishinda."

Basi, watoto, hadithi yangu imefika mwisho, nami imeniacha na uchungu. Mafunzo yake ni haya: anayekariri bila kuelewa, hata akioneshwa ukweli mchana kweupe, atauita uchawi.