Mashine ya Mfano

Mtu huyu, ndugu zangu, hakuwa mwizi wala mlevi. Nawaambia mapema ili msimweke mbali nanyi. Alikuwa mvuvi wa mtoni, mwenye mtumbwi wa mbao na injini ndogo, na siku ya ibada alikaa kama mlivyokaa ninyi, safu ya tatu au ya nne, akaimba vizuri. Kijiji chake sitakitaja.

Baba yake naye alikuwa mvuvi, na wakati wa uhai wake wilaya ilimpa cheti kilichoandikwa kwa herufi kubwa: Mvuvi wa Mfano. Yule mzee alipokaribia kufa aliwaita wanawe wawili akawagawia mto. Vilindi vilivyo upande wa juu wa mwamba mweupe akampa mkubwa. Vilivyo upande wa chini wa mwamba akampa mdogo, pamoja na kile cheti, kwa kuwa mdogo ndiye aliyekuwa akikifuta vumbi. Kisha akawaachia sharti moja. Kila msimu, samaki wa kwanza wa mkubwa, kichwa chake kiende kwa mdogo. Samaki wa kwanza wa mdogo, mkia wake uende kwa mkubwa. "Kichwa huku, mkia huku," alisema, "samaki awe mzima kati ya nyumba mbili." Na atakayerudisha alicholetewa, huyo amesema kwa mdomo wake: usije kwenye msiba wangu, nami sitakuja kwenye wako.

Walilishika sharti hilo miaka kumi na mitatu.

Mwaka wa kumi na nne, kichwa kilikuja kidogo. Kilikuwa kichwa cha perege, kimekaushwa kwa moshi, ukikiweka kiganjani vidole vinakifunika chote. Huyu mdogo alikigeuza huku na huku mlangoni, mtoto aliyekileta akiwa amekwisha kwenda zake.

"Hiki nini?" akamwuliza mkewe.

"Kichwa."

"Naona ni kichwa. Kaka ana vilindi vinne, ananiletea kichwa cha kuzibia tundu la panya?"

"Baba Sikitu, kichwa kinatoka kwa samaki aliyevuliwa. Ulitaka shemeji achonge kingine cha mti?"

"Cheka. Samaki wakubwa wamefichwa. Huyu ametafutwa makusudi, wa kuninyamazisha mimi."

"Si uende ukamwulize? Kwake ni mwendo wa kuchemsha chai."

"Nimwulize mwongo ili anipe uongo mwingine?"

Hakwenda. Kichwa hakukila, alikifunga kwenye karatasi akakitundika juu ya jiko. Na mkia wa kwake? Samaki wake wa kwanza alikuwa amekwisha kumpata wiki mbili nyuma, kambale wa kutosha chungu. Mkia ulikaa nyumbani. Alisema ataupeleka siku atakayoona kichwa cha maana.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, macho yake hayakupumzika. Akipita na mtumbwi mbele ya kwa kaka yake aliona chanja la kukaushia samaki limefunikwa majani ya migomba. Kwa nini lifunikwe? Samaki wa halali anaogopea nini jua? Alimsikia shemeji yake akicheka na jirani, naye alipotokea kicheko kikakatika. Walikuwa wanamcheka nani? Kaka alimpungia mkono kutoka ng'ambo. Mkono huo ulikuwa mrefu kupita kiasi, mkono wa mtu anayetaka kuonekana hana cha kuficha. Mnamjua mtu huyu? Mimi namjua.

Basi akauza mbuzi wawili akaenda mjini kutafuta mashine ya kuonea samaki. Mmezisikia hizo. Ni kioo kama cha simu kubwa, na waya mrefu, na mwisho wa waya kuna jicho jeusi mfano wa kipande cha sabuni. Jicho unalizamisha chini ya mtumbwi, na kioo kinakuambia kina cha maji na samaki waliomo.

Duka lilikuwa kando ya mto ule ule, na muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akamwonyesha mashine mbili. Moja ilikuwa ndani ya boksi. Akaitoa, akajaza beseni maji, akalizamisha jicho lake. Kioo kikaandika kina cha sentimita thelathini, na samaki hakuna.

"Mbona haioni kitu?" akauliza mvuvi.

"Baba, beseni langu lina samaki?"

Hakucheka. Alikuwa ameiona ile ya pili, iliyosimama juu ya meza na karatasi ndogo imebandikwa usoni mwake. Hiyo ilikuwa na samaki! Walipita watatu wakubwa, wakafuatwa na kundi la wadogo, kisha akapita mmoja mnene peke yake, chini kabisa, polepole kama mzee anayetoka kuoga. Waya wake ulishuka nyuma ya meza, na nyuma ya duka ulipita mto. Akaridhika.

"Nataka hii."

"Hiyo ni ya mfano, baba. Chukua hii ya kwenye boksi, ni aina ile ile."

Sikilizeni hapo. Mama alisema ya mfano. Na huyu mtu alikuwa amelala chini ya cheti gani maisha yake yote? Mvuvi wa Mfano. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu: aliye bora kuliko wote, anayesimamishwa mbele ili wengine waige. Akasoma ile karatasi: YA MFANO. Akamtazama yule mama na miwani yake, akajiambia, ahaa, hii bora anamwekea mtu wake. Mimi mtu wa mtoni nipewe inayoona beseni.

"Nimesema hii. Hii hii ya mfano."

"Haya, si vibaya, inafanya kazi. Ila ngoja niitoe kwenye mfano kwanza, nibonyeze hapa…"

"Usiguse!" Akauweka mkono wake juu ya kioo. "Mama, usinitolee chochote. Nimeikuta ya mfano, nitaondoka nayo ya mfano."

"Baba, ukiiacha hivyo itakuonyesha…"

"Naona inavyoonyesha. Macho ninayo."

Yule mama akavuta waya mkavu kutoka nyuma ya meza, akaukunja. Mvuvi alikuwa akikagua pembe za kioo kama zina ufa, hakuona waya ule ulikotoka. "Kitabu cha maelezo kimo," alisema mama. "Kisome." Alirudi nyumbani na mashine mapajani, na kitabu hakukifungua.

Asubuhi ya pili aliifunga kwenye mtumbwi, akachukua na kile kichwa ndani ya karatasi yake, akakiweka chini ya ubao wa kukalia. Sasa ninyi mnadhani alianza kuiwasha wapi? Ana vilindi vyake mwenyewe, baba yake kamwachia, viko hapo mbele ya mlango wake. Mtu aliyenunua mashine ya kuonea samaki si angeanza kwake, apate kitoweo?

Hakuanza kwake. Alivipita vilindi vyake vyote mashine ikiwa imezimwa, akaupita mwamba mweupe, akazima injini katikati ya maji ya kaka yake. Hapo akazamisha jicho, akawasha. Kioo kikaandika kina cha mita tisa.

Watatu wakubwa. Kundi la wadogo. Mmoja mnene peke yake.

Akakaa akitazama. Hakutupa wavu, maana hakuja kuvua. Moyo ulimuuma na kumtulia kwa wakati mmoja, kama jino bovu linapong'oka. Kumbe sikuwa mwendawazimu, alijiambia. Mita tisa za samaki, nami naletewa kichwa cha kiganja.

Nyumba ya kaka iko ukingoni pale pale. Akaita. "Kaka! Njoo! Njoo uone mali yako!"

Kaka akatoka na suruali imekunjwa magotini, akapiga kasia katika mtumbwi wake mpaka kwa mdogo. "Karibu, mdogo wangu. Mbona asubuhi hivi? Kwema?"

"Tazama kioo. Tazama chini ya maji yako."

Kaka akahamia mtumbwini kwa mdogo wake, akainama. Alikuwa mtu mzito wa kusema. Akatazama watatu wakipita, na kundi, na yule mnene. Uso wake ukang'aa. "Hawa wako hapa? Chini yetu hapa?"

"Usijifanye hujui."

"Mama yangu! Nina siku ishirini nashusha wavu hapa hapa, unapanda na majani!" Akatazama tena. Wakapita watatu, na kundi, na mmoja. Akakunja uso. "Huyu mnene si ndiye aliyepita sasa hivi?"

"Wako wengi. Mto wako umejaa."

"Hapana, amepita vile vile. Hata mkia kaupinda vile vile." Akatazama mara ya tatu, akihesabu kwa midomo. Kisha akaushika waya, akauvuta, akalitoa jicho majini likidondosha maji, akaliweka juu ya goti lake.

Kwenye kioo, watatu wakubwa wakapita.

Likafuata kundi la wadogo.

"Mdogo wangu," alisema kaka, "goti langu lina kina cha mita tisa." Yule mnene naye akapita, polepole. "Na huyu, nimwite shemeji yako alete sufuria, au yupo kwenye paja?"

Shemeji alikuwa amekwisha kufika ukingoni, akacheka mpaka akashika kiuno. Mdogo hakucheka. Alilichukua lile jicho, akalifuta kwa shati, akalielekeza angani. Samaki wakapita. Akalielekeza kwenye mtumbwi mkavu. Wakapita.

"Hii karatasi imeandikwa nini?" akauliza kaka.

"Ya mfano."

"Ya mfano kama cheti cha baba, au ya mfano kama chaki za mwalimu, anaposema tuseme hizi ni ng'ombe watano?"

Mdogo akaikwaruza ile karatasi kwa ukucha.

"Na kwako uliiwasha, ukaona nini?"

"Sikuiwasha kwangu."

"Kwa nini?"

Ningemjibia, ndugu zangu, lakini nadhani mnajua.

Ndipo kaka alipoona kile kifurushi chini ya ubao. Harufu ya samaki wa moshi haifichiki. Akakitazama, akamtazama mdogo wake. Watu wa nyumba ile wanajua kichwa kinaporudi maana yake nini. Mkono wa mdogo ulikuwa umekwisha kukigusa. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, ameyapanga njia nzima: chukua kichwa chako, na usije kwenye msiba wangu.

Kaka akamtangulia. "Umetuletea kichwa," alisema, kama mtu aliyepewa zawadi. Akakichukua, akamrushia mkewe. "Kipike. Tule wote hapa."

Shemeji akakidaka, akaacha kucheka. "Afadhali," alisema. "Maana tangu yule perege, shemeji, nyumba hii haijaonja samaki. Alikuwa mmoja tu. Mwili tuliwagawia watoto, sisi wawili tukanywa mchuzi, na kichwa tukasema hapana, hiki kina mwenyewe." Kisha akaenda kwenye chanja kuokota kuni, na alipopita akayainua yale majani ya migomba. Chini yake hapakuwa na samaki. Palikuwa na mihogo iliyomenywa, imefunikwa kuku wasiidonoe.

Sasa niulize. Nani alimdanganya mtu huyu? Yule mama wa dukani? Alimwambia ukweli mara tatu, akakatwa kauli. Mashine? Ilikuwa na karatasi usoni. Mkewe? Alimwambia nenda kaulize. Kaka yake alimpelekea kichwa cha samaki pekee aliyekuwa naye. Tazameni vizuri alichofanya huyu bwana: alimshuku kila aliyemwambia kweli, na katika dunia nzima akaamini kitu kimoja tu, kile kilichokubaliana naye.

Na sisi? Sisi tunaokaa hapa tumevaa nguo safi, tunabeba nini vifuani? Wangapi wetu tuna kioo kinachowaka mchana kutwa, na jicho lake halijawahi kugusa maji? Alinisalimu kwa mkato. Walinyamaza nilipoingia. Alimpa fulani kikubwa, mimi kidogo. Watatu wakubwa, kundi la wadogo, mmoja mnene peke yake. Halafu wanarudi, wale wale, kwa mpangilio ule ule, na sisi tunasema: tazama walivyo wengi! Hatujahesabu kuwa ni wale wa juzi. Na tunawatafuta kila mara kwenye maji ya mwenzetu. Kwetu hatuwashi.

Ukitaka kujua kama unachokiona kwa ndugu yako ni kweli, litoe jicho lako kwake, uliweke juu ya goti lako mwenyewe. Kama samaki bado wanapita, basi ni wako.

Mimi nami leo nimewapa mfano. Samaki wa humu ni wa kuchorwa, msiondoke hapa mkidhani mmeshiba. Wa kweli yuko huko mnakoishi, nusu yake kwako, nusu yake kwa ndugu yako. Basi tukitoka hapa, mwenye mkia aliouzuia nyumbani aupeleke leo, kabla jua halijazama. Wala asingoje kuona kichwa kina ukubwa gani.