Panya wa Kundi la Maji

Wahenga walinena kuwa maneno mema humtoa nyoka pangoni: pale nguvu inaposhindwa, upole hupata. Binti mmoja, mtafiti wa mitishamba aliyebandikwa jina la Mizani kwa kupenda kupima kila kitu, aliijua methali hiyo tangu utotoni na hakuitilia maanani. Yeye aliamini hesabu.

Wakati huo alikuwa akichunguza majani yaliyosifiwa kwa kutuliza hofu. Sababu alikuwa nayo. Mama yake, tangu agongwe na pikipiki miezi saba nyuma, hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba. Mguu ulipona, moyo haukupona. Kila asubuhi Mizani alimhimiza, "Mama, toka nje! Daktari kasema huna kitu," na kila asubuhi mama alijikunyata kama kifaranga aliyeona mwewe.

Kipimo chenyewe kilikuwa jukwaa lenye umbo la msalaba, lililoinuliwa juu ya sakafu. Njia mbili zilikuwa na kuta, mbili zilikuwa wazi. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta, aliyetulia hutoka. Panya kumi na wawili walinyweshwa dawa, kumi na wawili maji matupu. Wa dawa wakatoka, wa maji wakajibanza. Almanusura Mizani aruke kwa furaha.

"Subiri kwanza, mwanangu," alisema mtunza panya, mama wa makamo ambaye maabara nzima ilimwita Shangazi. "Kazi tuligawana. Wa dawa niliwanywesha mimi, wa maji wewe."

"Tofauti iko wapi?"

"Wewe unawanyakua mkia kama polisi aliyemfuma mwizi. Mimi naongea nao kwanza."

Mizani aliangua kicheko. "Mnaongea nini, Shangazi?"

"Nawasalimu. Halafu natandaza kiganja, wapande wenyewe."

Kicheko kikamkauka. Kosa lilikuwa wazi kama mchana. Alichukua panya wapya, Shangazi akawanywesha wote bila kujua bomba lipi la kunyweshea lina dawa. Wote walitoka, wa maji sawa na wa dawa. Mizani akaandika: *Dawa haikuonyesha tofauti.* Kalamu ilikuwa nzito kama nanga, maana tumaini alilolikata lilikuwa la mama yake.

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Safari hii hakuamrisha. Aliketi kizingitini, akaegemea mwimo wa mlango.

"Dawa imeshindikana, Mama."

"Pole, mwanangu. Na ulivyojichosha!"

"Hivi siku ile, ilikuwaje?" Kwa miezi saba hakuwahi kuuliza.

Mama alisimulia taratibu: muungurumo nyuma yake, taa, kiatu kilichobaki katikati ya barabara. Mizani hakumkatiza wala kumwambia kwamba amepona.

"Uliogopa sana," alisema. "Kaa tu, Mama. Huna haja ya kwenda popote. Nipo."

Mama alimsukuma bega kidogo. "Haya, sogea basi. Umeniziba mlango mzima kama gunia."

Akashusha mguu mmoja nje, kisha wa pili, akaketi kwenye ngazi huku amemng'ang'ania bintiye mkono. Kwa mazoea, Mizani alitupia saa jicho. Zilipita dakika nne, na mama bado alikuwa nje.

Alijua fika kwamba jaribio moja halithibitishi kitu. Hata hivyo, kwa hili hakudai la pili: maneno mema humtoa nyoka pangoni.