Kopo Lililobaki Nyuma ya Mlango

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Ninyi wa benchi la nyuma njooni mbele, leo simtoi mtu mbele kwa nguvu wala sichangishi sadaka. Mwenye mtoto analia ampe ziwa. Simu zizimeni, maana hadithi yangu yenyewe imetoka kwenye simu, zisije zikaitikiana. Haya. Nikisikia nzi anaruka nitajua mmenyamaza.

Palikuwa na mama mmoja Korogwe, mwisho wa mji kabisa, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa upande wa barabarani tu. Mume wake dereva wa malori, anaonekana kama mwezi mwandamo. Ndani alibaki na mama mkwe, bibi wa miguu mibovu na mdomo mzima.

Mama huyu alipenda maua. Yale madogo ya zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la sungura, yale ya milima yetu hii ya Usambara. Aliyapanda kwenye makopo, akayapanga ukutani chini ya paa, kivulini, maana ua hilo jua kali halitaki.

Sasa kwenye simu kukawa na kundi la wapenda maua hayo, linaitwa Jani Moja. Kwa nini Jani Moja? Kwa sababu ukitaka kumpa mwenzio ua lile unamkatia jani, analichomeka kwenye udongo, anangoja. Miaka miwili wanaandikiana, wanatumiana picha, wanapeana pole na hongera, na hawajaonana uso kwa uso. Na kila picha ambayo mama huyu alituma, nyuma ya kopo alitundika kitambaa cheupe. Mmeshaelewa? Nyufa za ukuta zisionekane.

Mle kundini mlikuwa na bibi mmoja wa Lushoto, mwenye ua jeupe, pekee katika kundi zima. Siku moja alimkatia mama wa Korogwe jani, akalituma kwa basi. Mama akatuma ramani ya nyumba yake kwenye kundi, bodaboda akaifuata mpaka mlangoni. Jani likaota, likachanua. Huku nyuma lile la bibi likafa kwa baridi, na macho ya bibi mwenyewe yakaanza kufunga. Bibi akatuma sauti, akisema polepole hivi:

"Mwanangu, daktari kaniambia mwaka huu hauishi nitakuwa gizani. Nataka nilione jeupe langu kabla. Si la kwenye kioo cha simu. Tukutane kwako, Jumamosi."

Kundi zima likalipuka. "Kwako! Kwako! Tunakuja wote!" Mama akajibu kwa vicheko, kisha akaweka simu chini akashika kichwa.

Wiki ile hakutulia. Anafagia palipofagiwa. Anabandika sufuria, anasahau kutia maji. Anatoka nje, anaitazama nyumba yake kutoka barabarani kwa macho ya mgeni, anarudi ndani moyo unadunda. Mwisho akampigia mdogo wake, aliyejenga ng'ambo ya reli ila kazi yake iko Dodoma.

"Mdogo wangu, niazime nyumba siku moja."

"Dada, si una nyumba?"

"Niazime tu, nawe!"

"Haya, ufunguo uko kwa jirani. Ila nailoni kwenye makochi usitoe, na vikombe vya kabatini usiguse."

Ijumaa akakodi toroli, akaanza kupakia makopo. Mama mkwe kakaa mlangoni anamtazama.

"Unahamisha maua, au unahama wewe?"

"Mama, wanaokuja ni watu wa maana."

"Aa. Na sisi tunaobaki ni watu wa nini?"

Akageukia makopo yake. Lile jeupe lilikuwa kwenye kopo la siagi lenye kutu. Akaona aibu nalo. Akaling'oa ua, akalitia kwenye chungu cha kauri alichoazima kwa jirani. Chini kikabaki kitoto chake, kidogo hivi, kina tumba moja. Akalisukuma kopo nyuma ya mlango, akaondoka.

Jumamosi. Baraza la mdogo wake vigae tupu, vinang'aa, na hakuna hata mti. Kufika saa tatu jua limeshaingia, majani yanaanza kubabuka. Akayaingiza ndani, ndani vioo vya madirisha ni vyeusi, maua hayaonekani. Akayatoa. Akayamwagia maji juu ya majani, ndiyo akaharibu kabisa. Lile jeupe kwenye chungu cha kauri likainama kama mtu aliyefiwa. Na simu? Kila dakika anaitazama, chaji ikashuka. Anachomeka, umeme wa kulipia umekwisha. Anunue basi! Namba ya mita haijui, na mita yenyewe iko juu ya nguzo. Ataijuaje, nyumba si yake?

Simu ikazima.

Saa sita, kama walivyopatana, akaenda stendi kuwapokea. Hakuna mtu. Akarudi kwenye nyumba mbio, labda wamefika. Hakuna. Akarudi tena stendi, viatu mkononi. Wali umepoa, maua yanakauka, na yeye anapanda na kushuka ile njia ya reli kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa tisa ndipo akakumbuka kumpa fundi wa simu amchajie kidogo. Simu ikawaka, ujumbe ukaanza kuanguka mmoja mmoja:

"Tumepata gari la kukodi, tumewahi."

"Tumefuata ile ramani yako."

"Mama mkwe wako katupa chai na viazi, tumecheka mpaka basi!"

Na wa mwisho, saa nane: "Tuko kwako. Wewe uko wapi?"

Wanangu, alikimbia. Alifika kwake anahema, akamkuta mama mkwe peke yake, vikombe kumi vimezunguka mkeka.

"Wako wapi?"

"Wameondoka. Dereva kaogopa ukungu wa mlimani. Walikaa hapo tangu saa nne."

"Mama! Si ungemtuma mtu aniite?"

"Akuite wapi? Nyumba ya mdogo wako mimi siijui. Sijawahi kukaribishwa."

Akaketi chini pale pale. Ukutani palikuwa na alama za duara tu, mahali makopo yalipokuwa yamekaa. Mama mkwe akasema, "Yule bibi mwenye macho mabaya alizipapasa hizo duara moja moja. Akaniuliza maua yako wapi. Nikamwambia yamekwenda kujionyesha."

Mama akapiga simu huku analia. Bibi akapokea, gari linanguruma.

"Bibi, nisamehe. Umekuja bure. Hukuliona."

"Nimeliona."

"Umeliona wapi?"

"Nyuma ya mlango. Nilikuwa natafuta fimbo yangu. Ua moja, limechanua asubuhi ile ile, kwenye kopo la kutu. Nililiinua mpaka kwenye pua nikalitazama mpaka nikatosheka. Ila wewe, mwanangu, wewe ndiye sikukuona."

Na hakumwona kamwe. Kufika miezi miwili macho yalifunga.

Sasa niwaulize. Mnamcheka mama huyu? Nani kati yetu hana kitambaa cheupe? Tunapokuja hapa kusali, tunamkaribisha Mungu wapi? Si tunampokea kwenye baraza la kuazima? Sauti ya kuazima, upole wa kuazima, machozi yamepangwa kama vikombe vya kabatini. Tunahangaika, tunapanda, tunashuka, tunalalamika kwamba hatukumwona. Na Yeye ameshafika tangu saa nne! Amekaa kwako kweli kweli, penye nyufa, na yule mkwe uliyemwonea aibu, anakunywa chai ya rangi. Lile uliloficha nyuma ya mlango ndilo ameliinua akalitazama. Sasa anakuuliza, mimi niko kwako, wewe uko wapi? Utamjibu nini, mwanangu? Utasema uko ng'ambo ya reli?

Rudini nyumbani. Mimi nimezeeka, najua nisemalo. Hasara ya mama yule haikuwa maua. Hasara yake ni kwamba mgeni alikuja, akala, akacheka, na mwenyeji hakuwepo.

Yule bibi alifariki masika yaliyofuata. Shamba la migomba lilikwenda kwa mwanawe mkubwa. Vitenge wakagawana mabinti, na walivutana kidogo, kama kawaida. Mkasi wake wa kukatia majani aliliachia kundi, mpaka leo unazunguka nyumba hadi nyumba. Mama mkwe wa Korogwe alipelekewa ile fimbo. Na mama wa maua akaletewa kigoda cha bibi, kile alichokalia akimwagilia maua yake, na wosia wa maneno machache: "Huyu mpeni pa kukaa, akae kwake."