Gari Lililoegeshwa Langoni

"Nani ana ufunguo wa gari la mbele?"

Binti mmoja aliuliza hivyo mara mbili, uani kwao, mbele ya watu wapatao arobaini. Hakuna aliyejibu. Na walijua! Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba yake, na baba alikuwa sebuleni akimsikiliza mshenga aliyeleta posa ya mdogo wa binti huyo. Mshenga akiwa anazungumza, nani atathubutu kumkatiza?

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na magari mawili. La baba lilikuwa la zamani: kromu inang'aa, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unatoa mlio mzito wa heshima. La binti lilikuwa dogo, la kisasa, plastiki tupu. Baba aliliita kikopo. Lakini kikopo hicho ndicho kilichompeleka mama kliniki ya moyo kila wiki. Siku ile la zamani liliegeshwa langoni ili wakwe walione kwanza, na lile dogo likabanwa nyuma yake.

Sasa mama alikuwa ameanguka jikoni.

Binti akaingia sebuleni. "Baba, mama hapumui vizuri. Sogeza gari."

"Wewe! Huoni wageni? Kikopo chako kitapita pembeni."

"Hapapitiki, baba!"

Baba akatoka, akajaribu kuliwasha la zamani. Halikuwaka. Vijana wakajitolea kusukuma.

"Kwa mikono hiyo ya mafuta ya pilau? Mtaniharibia rangi! Leteni kitenge kwanza."

Kitenge kikaletwa. Lakini hakikufika kwenye gari. Alifunikwa nacho mama.

Mmemkasirikia baba yule? Hata mimi. Na wale arobaini je? Gari lenyewe halikuwa na kosa, lilitengenezwa litembee. Ni sisi tunaochukua kitu kizuri cha wazee wetu, tukakiweka mlangoni kitazamwe, kisha tukawaambia wanaoumia nyuma yake wapite pembeni. Humu humu ibadani, wangapi tumewanyamazisha kwa sababu zamu yao ya kusema haijafika? Dada anapigwa nyumbani, tunamwambia asubiri wazee wamalize. Halafu tunaiita adabu! Ni wapi Mungu alituambia kwamba utaratibu una thamani kubwa kuliko pumzi ya mtu?

Basi nawaomba jambo moja tu. Leo, kabla ya matangazo, yuko dada humu atakayeomba kusema. Mpeni nafasi, mumsikilize mpaka amalize.