Kituo cha Kwa Nani?

Hapo zamani za vumbi, lami ilipokuwa bado habari ya redioni, kijiji cha Mwambagalo kilikuwa na maporomoko ya maji mazuri mno. Wageni waliyaona kwenye kalenda tu. Barabara ilikuwa haipitiki.

Aliyeimalizia ni Fute, mfyatua tofali. Alichimba udongo katikati ya njia, eti ndiko ulikokuwa laini. Gari la kwanza la watalii likaja, likazama. La pili likaja, likazama. La tatu likaja kuyavuta hayo mawili, nalo likazama.

Sekela, mjane asiye na mtoto, akawapikia waliokwama viazi na maharage, akawatandikia mikeka, akawafundisha kusukuma gari kwa wimbo. Wageni wakapenda! Wakarudi kwao, wakasimulia. Wakaja tena na wengine, wakiomba wakwame siku mbili. Maporomoko hakuna aliyeyauliza.

Mwenyekiti Ngailo naye alikuwa akiandika barua serikalini, kila mwaka barua moja, kuomba barabara. Ile ya kumi na tisa akaiambatanisha na picha ya magari kumi na moja shimoni. Lami ikaja. Shimo likafukiwa. Wageni wakateleza mpaka kwenye maporomoko, kijiji kikajaa.

Pale lilipokuwa shimo kikawekwa kituo cha basi. Nanyi mnajua, kituo lazima kiwe Kwa Fulani. Fundi rangi akaandika KWA kwenye kibao, akageuka. “Kwa nani?”

“Kwa Fute!” akasema Fute. “Bila shimo langu, nani angesimama hapa?”

“Kwa Ngailo!” akasema mwenyekiti. “Shimo lako lilikwamisha watu. Barua zangu ndizo zilizowakwamua.”

Sekela akafuta macho kwa ncha ya kanga. “Ninyi ndugu zangu mna wajukuu wanaoitwa majina yenu. Mimi nikifa, nani atanitaja? Na wageni hawakurudi kwa sababu ya shimo wala barua. Walirudi kwangu.”

Wakabishana mpaka rangi ikakauka kwenye brashi. Basi likafika, konda akasoma kibao kilivyo: “Kwa! Wa Kwa mshuke!” Na watalii wakashuka, wakakipiga picha kibao hicho.

Fundi amesema kesho anarudi na brashi mpya, na mara hii hasubiri mtu. Je, mliokaa hapa, mngemwambia aandike Kwa nani?