Mistari Minne Dimbwini

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na dimbwi moja na vinywa kumi na kimoja. Wengine husimulia kumi na viwili. Kwetu ni kumi na kimoja.

Kiangazi kilikuwa kikali, na Nyati ndiye aliyekunywa kwanza. Gugu, gugu, gugu. Kisha akajigaragaza humo humo, na wadogo wakabaki kufyonza tope. Wadogo walikuwa wanne: Nguchiro, Pimbi, Kindi na Kobe. Kindi alikuwa na watoto wachanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka.

"Tumchague mlinzi wa dimbwi," akasema Nguchiro. "Huyo ndiye apange zamu."

Nyati akacheka, maana wenye pembe walikuwa saba. "Sawa. Kila mmoja asimame nyuma ya amtakaye. Mstari mrefu kuliko yote umeshinda. Hakuna kurudia."

"Hata ukizidi kidogo tu, mzee?"

"Hata ukizidi kwa mkia, we kipande cha mnyama."

Nguchiro akaenda, nyatunyatu, hadi kwa Pofu. "Mjomba Pofu, pembe ndefu hivyo, kumbe ni za kusimama nyuma ya Nyati?"

Pofu akatafuna kidogo. "Nitagombea," akasema.

Nguchiro akaenda, nyatunyatu, hadi kwa Pongo. "Shemeji Pongo, nasikia Pofu anagombea. Anasema zako si pembe, ni vijiti."

"Kasema hivyo? Nitagombea."

Kulipokucha wakajipanga. Nyuma ya Nyati, wanawe wawili: jumla watatu. Nyuma ya Pofu, mkewe: wawili. Nyuma ya Pongo, mkewe: wawili. Nyuma ya Nguchiro, Pimbi, Kindi na, baada ya kusubiriwa, Kobe: wanne.

"Hapana," akasema Nyati. "Saba hatukutaki."

"Kweli, mzee. Mmenikataa saba, ila mmenikataa kwa mistari mitatu."

Nyati akamgeukia Pofu. "Hamia kwangu."

"Hamia wewe," akasema Pofu.

Basi zamu ikapangwa: wadogo kwanza. Kindi akanywa maji safi, akakimbilia kwa wanawe. Nyati akasimama juani hadi adhuhuri, akingoja Kobe amalize kunywa.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, inyweni. Ikiwa chungu, ndivyo nilivyoipokea. Na funzo lake li wazi: wengi wape.